Kisu kimoja, vivuli vitatu: mizuka kwenye picha za rada ya karibu

Mkuu, umesema bodi yako ya rada ya gigahezi 77 hadi 81 inaona kisu ndani ya boksi, ila kinatokea mara tatu, na unauliza algoriti ya kukisafisha. Nimehangaika sana na bodi za aina hii, na kwangu algoriti huja mwisho. Jua kwanza mzuka, yaani nakala ya uongo ya kisu, unatoka wapi.

Jenga picha mbili: moja ya gigahezi 77–79, nyingine ya 79–81. Kitu halisi hakihami. Nakala inayoletwa na mapengo ya antena itasogea, maana pembe yake hufuata urefu wa wimbi. Antena zikiachana urefu wa mawimbi mawili na kisu kiko sm 50 mbele, inahama kama sentimita moja hivi. Isipohama, shuku mwangwi wa kweli: meza, stendi, kuta za boksi.

Sasa angalia hesabu ya umbali, hapa ndipo wengi wanapigwa. Kisambazaji (antena inayotuma mawimbi) na kipokezi (inayoyapokea) huchukuliwa kama antena moja ya kufikirika katikati yao. Kwa shabaha ya mbali, sawa. Lakini vikiachana sm 10 na kitu kiko sm 30 mbele, unakosea kama milimita 8 za njia, na wimbi lenyewe halifiki milimita 4! Kokotoa njia halisi ya kila jozi, kwenda na kurudi, kwa kila pikseli. Kompyuta italalamika, iache ilalamike.

Kalibresheni, yaani kurekebisha vipimo kwa kitu unachokijua, nayo usiiruke. Njia ikikosea milimita moja tu, awamu, yaani mahali wimbi lilipofika kwenye mzunguko wake, imepotea kama nyuzi 92 hadi 97. Mimi huweka mpira mdogo wa chuma juu ya povu la kufungashia friji, umbali nimeshaupima, kisha nasahihisha awamu jozi kwa jozi. Pima pia eneo likiwa tupu, ulitoe kwenye data. Toa namba changamano zenyewe (zenye ukubwa na awamu pamoja), si ukubwa wake peke yake, ndipo mawimbi yanayovuja kutoka kisambazaji kwenda kipokezi yatakapoondoka.

Yote hayo yakikaa sawa na nakala bado zipo, tatizo ni mpangilio wa antena. Kupunguza uzito wa antena za pembeni hakusaidii: miali midogo ya kando inashuka, nakala zinabaki. Mapengo yasiyolingana huzivunja zikawa ukungu hafifu. Kama kitu hakitembei, rahisi zaidi ni kuisogeza bodi kwenye reli kidogo kidogo hadi mapengo yajae. Upana wa bendi wa gigahezi 4 (77 hadi 81) usiutegemee sana, unatenganisha umbali kwa sm 3.75 tu.

Kigezo cha mshikamano, yaani nguvu ya jumla ya mawimbi kugawanya kwa idadi yake mara jumla ya nguvu zake, kinafuta mizuka vizuri mno. Ila ni dawa kali: mpini wa plastiki ulio kando ya chuma hufutika nao. Weka picha ghafi pembeni ulinganishe.

Tupia hapa ramani ya antena zako kwa milimita, tuone mapengo.