Wasomaji wanauliza: Siku mbili za baridi mjini Lubumbashi

Tuko rafiki sita wa Kolwezi. Wikendi moja ya mwezi wa saba tunataka kutembelea Lubumbashi: kufika Ijumaa jioni, kurudi Jumapili saa kumi. Tumeshaandika mahali kumi na nne pa kuona. Tutapamaliza? — Yaya (mkubwa) wa kundi, Kolwezi

Hapana, yaya. Wakati wa baridi mchana ni mfupi kuliko mnavyodhani: jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Saa mbili za kwanza meno yanagongana, na jua likishaondoka baridi inarudi mbio. Mnabaki na saa nane au tisa za kutembea kwa raha. Chagueni mahali sita tu, na mpapange kwa ujirani. Anayepanga kwa umaarufu anaishia kukaa ndani ya taksi akizunguka mji.

Jumamosi iwe ya mjini kati, kwa miguu. Anzieni kwenye uwanja wa Posta, penye sanamu ya Moïse Tshombe, aliyeongoza Katanga ilipojitenga, mpite kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, halafu muende makumbusho ya taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu. Mmoja wenu aulize Ijumaa kama yatafunguliwa kesho yake na kwa saa gani, msije mkakuta mlango umefungwa. Mkiingia, msipite mbio. Ulizeni misalaba ya shaba na vitu vya Sanga, kule bonde la Upemba. Kwenye makaburi ya zamani ya Sanga msalaba ni mkubwa, mmoja, umewekwa kifuani pa marehemu. Kwenye makaburi ya baadaye misalaba ni midogo, mingi, ya vipimo vinavyokaribiana, nayo iko karibu na mikono na kiuno. Hapo ndipo watafiti wanapoona shaba ikigeuka kuwa pesa. Mtu akishaelewa hilo analikumbuka mwaka mzima, kwa hiyo makumbusho yapeni saa mbili kamili. Jengo la jirani, lenye ukumbi wa michezo ya kuigiza uliobuniwa na msanifu Claude Strebelle miaka ya 1950, limetumika kama bunge la mkoa. Litazameni kwa nje, na mkiona walinzi, simu zikae mfukoni. Mchana, jua likiwa bado na nguvu, nendeni bustani ya wanyama. Jioni ni ya komini ya Kamalondo: mbuzi wa kuchoma, bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo). Kaeni karibu na moto, na mvae makoti kabla hamjahisi baridi.

Jumapili asubuhi tazameni bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na terili, ule mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba. Reli ilifika hapa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri za shaba zikaanza kazi; mji umekua kando ya moshi huo. Eneo lile liko magharibi ya mji kati, kwa hiyo asubuhi jua linakuwa mgongoni mwenu na picha inatoka na rangi zake. Jioni mtapata kivuli cheusi tu. Pigeni picha kutoka mbali, barabarani. Msikaribie geti wala ukuta.

Saa kumi ya kurudi ifuteni kabisa. Kutoka hapa mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 300, barabara imejaa malori ya madini, na mtaingia gizani hata kabla ya nusu ya njia. Ondokeni saa tano asubuhi. Mkiwa kwenye barabara ya Likasi mnaweza kusimama Shilatembo, mahali pa kumbukumbu ya waziri mkuu Patrice Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961. Watu wengi wa Katanga wameipita njia hiyo mara mia bila kusimama.

Neno moja kuhusu idadi yenu. Watu sita ndani ya taksi moja maana yake ni wawili kiti cha mbele na wanne nyuma, na mnafika mmekunjika. Chukueni taksi mbili za express, yaani za kukodi peke yenu. Bei ya safari nzima isemwe mlango ukiwa bado wazi, na mtaje kama mnarudi nayo au hapana. Ugomvi mwingi wa bei unatoka kwenye saa za kusubiri ambazo hazikutajwa.

Rafiki zetu wa Kinshasa wanakuja kwa ndege mwisho wa mwezi wa sita. Tuwaambie nini? — Msomaji, komini ya Kampemba

Koti la kweli, soksi, na mafuta ya midomo, maana hewa ni kavu na vumbi ni jingi. Mkinshasa anasikia "Kongo" anafikiri joto. Wakumbusheni kwamba Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji ndege inakoondokea, na siku ya kurudi ndipo watu wanapochanganya wanapotazama simu ambayo haijabadilisha saa. Tarehe 30 Juni ni sikukuu ya uhuru, basi siku hiyo msiwapangie ofisi wala makumbusho. Dola zao ziwe safi. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni, au yenye maandishi ya kalamu, itakataliwa sokoni, kwa hiyo waibadilishe huko kwao kabla ya safari.

Nyumba tuliyokodi ni baridi sana usiku. Mwenye nyumba ametupa mbabula, jiko la makala (makaa), tuiweke chumbani. Ni salama? — Dada wa Likasi

Dada, usikubali, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Makala yakishashika vizuri hayatoi moshi tena, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Yanaendelea kutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kuliko oksijeni. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Watu wawili wa chumba kimoja wakiamka wote na kichwa kinauma, wasiseme ni uchovu wa safari. Watoke nje mara moja na waende hospitali, hata kama wanajisikia nafuu.

Mji huu wa Lubumbashi uko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na wakati huu hakuna mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotee usiku. Mchana kipimo kinafika karibu 25, alfajiri kinaweza kushuka chini ya 10. Basi lihifadhini joto la mchana: fungeni madirisha na mapazia jua likiwa bado juu. Tandikeni blanketi moja chini ya mwili, kwa sababu godoro jembamba linapitisha baridi ya sakafu. Chukueni chupa imara, mwagieni maji ya moto yasiyochemka, kazeni kifuniko, izungushieni taulo na muiweke kitandani upande wa miguu nusu saa kabla ya kulala. Mbabula ibaki uani, kwa kupikia chai.

Nitajuaje kama malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, ninayouziwa ni ya kweli? — Kaka mgeni, kutoka Bukavu

Iguse kwanza kwa shavu. Jiwe la kweli ni baridi na linachelewa kupata joto. Plastiki inapata joto upesi. Kisha fuata mstari mmoja wa kijani kutoka usoni mpaka ubavuni. Kwenye jiwe la kweli mstari unazama ndani na kutokea upande wa pili, na hakuna miwili inayolingana kabisa. Iliyopakwa rangi inakatikia ukingoni.

Uzito ndio unaomaliza ubishi. Malakiti ina uzito wa karibu mara nne ya maji, kwa hiyo kipande chenye ujazo wa mililita 100 kinakaribia gramu 400. Kioo cha ujazo huo kina kama gramu 250, plastiki haifiki 200. Usiijaribu kwa ndimu mbele ya muuzaji: malakiti ni kaboneti ya shaba, asidi inaila na kuacha doa lisilotoka. Ni laini pia, hata kisu kinaikwaruza. Kila kipande kifunge kwa kitambaa chake.

Wikendi hiyo hiyo tunaweza kuongeza maporomoko ya Lofoi? — Kundi la vijana, Ruashi

Hapana. Maji yale yanaanguka zaidi ya mita 300 huko kwenye hifadhi ya Kundelungu, na yanastahili safari yake yenyewe: jeep, mafuta ya akiba, hema na siku tatu au nne.