Jibu: Filamu ya zamani ya Afrika isiyosinzisha
Mkuu, umeuliza uanzie wapi maana filamu za Afrika za zamani zinakusinzisha. Anza na Touki Bouki ya Senegal, 1973, ya Djibril Diop Mambéty. Mory na Anta wanataka kutoroka Dakar waende Paris, hela hawana, basi wanaiba. Pikipiki ya Mory imefungwa pembe za ng'ombe mbele! Usitegemee hadithi inyooke. Picha zinarukaruka, na wimbo wa Josephine Baker wa kuisifu Paris unarudiwa mpaka unageuka kejeli. Mimi hapo ndipo nilipoipenda. Tahadhari tu: mwanzoni kuna machinjio, na damu ni ya kweli.

Tafuta nakala iliyokarabatiwa mwaka 2008 kupitia mfuko wa Martin Scorsese, yule mwongozaji filamu wa Marekani. Mwaka 2018 hata Beyoncé na Jay-Z waliiga ile picha ya pikipiki kutangaza ziara yao, ndipo vijana wengi wakaanza kuulizia.

Ukimaliza, usiikose Mille soleils (2013) ya Mati Diop, binti wa mdogo wake Mambéty. Humo utamkuta Magaye Niang, yule yule aliyekuwa Mory, sasa mtu mzima, bado yuko Dakar.