Kengele inalia, sauti haivuki: ugonjwa wa simu ya medani FF33

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Leipzig kikazi. Kwenye soko la vitu vya zamani nimenunua simu mbili za jeshi la Ujerumani, aina ya FF33, zile zenye sanduku jeusi la bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani. Nimeziunganisha kwa waya wa mita 30. Nikipiga hendeli, ya pili inalia vizuri. Nikipigiwa, yangu nayo inalia. Mke wangu akiongea namsikia, ila mimi nikiongea hasikii kitu. Muuzaji alisema ni za mwaka 1941. Tatizo liko wapi, na nitajuaje kama kweli ni za wakati wa vita?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Simu ya mke wako iache kwanza. Ugonjwa yaelekea uko kwenye simu yako, tena sehemu za kutazama ni tatu tu.

Feldfernsprecher 33, yaani simu ya medani ya mwaka 1933, haitegemei umeme wa mtambo wowote wa mjini. Hendeli inazungusha dainamo yenye sumaku, nayo ndiyo inayoliza kengele ya upande wa pili. Kazi hiyo haihitaji betri hata kidogo. Kisikilizio nacho hakihitaji, maana umeme wa sauti unamfikia msikilizaji tayari kwenye waya. Kinachokula betri ni kipaza sauti peke yake, na kila mtu anaongea kwa betri ya sanduku lake mwenyewe, volti 1.5. Ndiyo maana kwenye simu hizi mara nyingi asiyesikika ndiye mwenye hitilafu, wala si asiyesikia. Nimeona watu wakifungua simu nzima isiyo na kosa kwa kutojua hilo.

Kabla ya kufungua chochote, fanya jaribio moja. Ongea kwa nguvu ukielekeza mdomo kwenye kisikilizio, kile cha sikioni. Kina sumaku na koili, hivyo sauti yako inaweza kuzalisha umeme kidogo bila betri. Mke wako akisikia hata kwa mbali, waya na koili za ndani ni nzima.

Kisha anza na betri. Betri za asili zilikwisha kufa zamani; wengi wetu tunaweka betri moja kubwa ya tochi kwenye kishikio, na nyaya zake tunazibana kwenye vituo vya zamani, yaani vibanio vya waya, bila kulehemu. Tazama vituo hivyo, maana betri iliyovuja huacha kutu ya kijani inayozuia umeme. Ukimaliza hapo nenda kwenye kibonyezo cha mkonga, yaani kile kipande unachoshika mkononi ukiongea. Ni lazima ukishike kila unapoongea, la sivyo betri haiungani na kipaza sauti. Pitisha kipande cha karatasi ngumu kilicholowa spiriti katikati ya midomo ya swichi. Msasa usiutumie, unakwangua madini yaliyopakwa juu.

Mtuhumiwa mkuu kwangu ni kapsuli ya kipaza sauti. Ndani yake mna chembe za kaboni. Sauti inazibana na kuziachia, na ukinzani wake unapanda na kushuka. Baada ya miaka 80 ya unyevu chembe hizo hugandamana kama chumvi kwenye kopo. Ifungue, ipime kwa mita: nzima huonyesha makumi au mamia ya omu, na namba hucheza ukiitikisa. Namba ikiganda, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi huku ukiigeuzageuza. Usiitoboe. Badilishana kapsuli na simu ya pili: kimya kikihama, umemkamata. Ukilazimika kuweka mpya, ile ya zamani itie kwenye mfuko na uihifadhi ndani ya sanduku, kwa sababu hiyo ni sehemu ya historia uliyoinunua.

Kuhusu umri, fungua kifuniko. Ndani huwa kuna jedwali la kutajia herufi, jina moja kwa kila herufi ili isikosewe kwenye simu, na hapo mimi hutulia kila mara. Mwaka 1934 utawala wa Wanazi uliondoa majina waliyoyaona ya Kiyahudi: David likawa Dora, Nathan likawa Nordpol, Samuel likawa Siegfried, Zacharias likawa Zeppelin. Mwaka 1950 Ujerumani Magharibi ilirudisha Samuel na Zacharias. Dora na Nordpol yakabaki. Kwa hiyo jedwali lenye Samuel ndani ya sanduku lililogongwa mhuri wa 1941 limetoka kwingine. Chuki ile ilifika hadi kwenye kifuniko cha simu ya askari, nami naona mkusanyaji anapaswa kuijua kabla ya kujua bei.

Halafu tafuta mihuri ya mwaka kwenye bakelaiti na kwenye vipande vya ndani. Miaka ikipishana, usiseme umeibiwa. Karakana za jeshi zilichanganya vipuri. Ila ukikuta alama ya RFT, hicho ni kipande cha Ujerumani Mashariki, baada ya vita. Simu hizi hazikustaafu 1945. Norway, kwa mfano, jeshi liliendelea kuzitumia.

Bakelaiti ifute kwa tambara lenye unyevu kidogo, kisha nta. Usiisugue kwa msasa, kwani baadhi ya bakelaiti za zamani zilichanganywa na asbesto, na vumbi lake ni sumu.

Usiiunganishe na rauta ya nyumbani. Dainamo ile inaweza kuiunguza. Na mtu asishike ncha za waya wakati unapiga hendeli. Ukitaka kuonja ilivyotumika vitani, nenda shambani na waya mmoja tu: ufunge kwenye kituo chenye alama La, na kile chenye alama Lb/E kiunganishe na chuma kilichopigiliwa ardhini, pande zote mbili. Udongo ukiwa mkavu, mwagia maji hapo kwenye chuma.