Mkuu, weka bisibisi chini kwanza

Salamu baadaye. Unataka kufunga doti kwenye bastola yako, yaani kile kilengeo cha kioo chenye nukta ya mwanga, na umeuliza mambo matatu: nukta iwe ya MOA 3 au 6 (MOA ni kipimo cha pembe, hapa cha ukubwa wa nukta), vilengeo vya chuma uvitoe au uviache, na macho yatachukua muda gani kuzoea. Sawa. Lakini mwishoni umetupia kasentensi kama vile si kitu: muuzaji amekwambia lile bamba linalokaa kati ya doti na slaidi (chuma cha juu cha bastola) "linakubali doti zote", skrubu zimo kwenye boksi, unafunga mwenyewe usiku huu na kesho asubuhi uko renji. Hapo ndipo damu iliponichemka.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na mtu mwenye miwani ya renji shingoni, anayeongea kwa uhakika wa mtu ambaye bastola si yake.

Bamba linalokubali doti zote halipo. Doti zina mipangilio tofauti ya matundu na vishikio chini yake, na kila mpangilio unaitwa kwa jina la doti. Kuna familia ya RMR, kuna ya DeltaPoint Pro, kuna ya Docter, kuna Shield RMSc ya zile bastola nyembamba, na ACRO yenyewe wala haiingii kwenye mkumbo huo, inabanwa kwa pembeni. Kampuni ya Trijicon walitoa RMR mwaka 2009, Glock wakaleta bastola za MOS mwaka 2015 zenye slaidi iliyochongwa kiwandani pamoja na mabamba ya kubadilisha, na tangu hapo watu wanadhani kufunga doti ni kama kubadilisha betri ya rimoti. Linalosemwa linakubali zote kwa kawaida lina matundu mengi mengi kama chujio na halina kishikio hata kimoja kinacholingana sawasawa na doti yako.

Na hivyo vishikio ndivyo vyenye kazi, mkuu. Ukifyatua, slaidi inarudi nyuma kwa kasi, inagonga mwisho, inarushwa mbele, inagonga tena. Doti imepanda juu ya slaidi, kwa hiyo kila ukifyatua doti inapigwa vibao viwili vya pande tofauti. Kazi ya skrubu ni kuibana doti isiinuke. Kazi ya kuizuia isiteleze mbele na nyuma ni ya vile vijipini vya bamba au kuta za shimo lililochongwa. Kama pini hazijai kwenye matundu yake, skrubu mbili nyembamba zinabeba mzigo wote peke yake, na hazikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Sasa mimi nilifunga hivyo hivyo. Bamba lilikuwa linacheza kidogo ukilisukuma kwa kidole gumba, ule mchezo wa kusikia zaidi kuliko kuona, na nikajiambia litatulia nikikaza. Skrubu moja iliingia mizunguko miwili laini, halafu ikawa ngumu. Nikafurahi, nikaona imeshika. Haikuwa imeshika, ilikuwa inatafuna. Baadaye ndio nikajua kwamba skrubu za 6-32 (za inchi) na M3.5 (za milimita) zina unene ule ule wa milimita 3.5 hivi, kwa macho huzitofautishi, lakini meno ya ile ya inchi yanapishana kwa takriban milimita 0.79 na ya milimita kwa 0.6. Ukiingiza moja kwenye tundu la mwenzake, mizunguko ya mwanzo inakubali, halafu chuma kinaanza kula chuma. Yule bwana kanipa ushauri gani? "Kaza mpaka mkono ukatae." Mkono wangu haukatai haraka, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyotoka nayo siku ile.

Renji, mwanzoni raha tupu. Risasi zinakaa pamoja, natabasamu kama bwana harusi. Halafu kundi la matundu kwenye shabaha likaanza kuhama kushoto. Nikageuza kirekebishi cha doti, kile kinachosogeza nukta klik kwa klik. Likahama juu. Nikageuza tena. Fikiria hesabu ilivyo: MOA 1 kwa mita 100 ni kama sentimita 2.9, kwa hiyo kwa mita 10 klik moja ya MOA 1 haifiki hata milimita 3. Kundi langu lilikuwa linatembea kwa upana wa viganja viwili. Hakuna klik inayotibu hilo! Lakini kichwa kikishaamini kwamba doti imefungwa vizuri, kinatafuta mchawi kwingine kote. Nikalaumu risasi, nikanunua za aina nyingine. Nikalaumu triga, nikabadilisha. Nikalaumu mshiko wangu, nikalipa mwalimu, naye maskini akanisahihisha kidole ambacho hakikuwa na kosa. Maboksi ya risasi niliyoteketeza kukimbiza ziro (doti na risasi kugonga pamoja) isiyokuwepo yangenunua doti ya pili, na bado pangebaki.

Kisha ikang'oka. Mlio mmoja, na kitu cheusi kikapita pembeni ya miwani yangu. Niwe mkweli, ndiyo doti pekee niliyowahi kuona ikilenga mtu sawasawa. Miwani ilikuwepo usoni, namshukuru Mungu, nanyi mnaopiga bila miwani sina la kuwaambia. Kioo kilipasuka, skrubu moja ilikatika ikabaki shingo ndani, na meno ya tundu la pili yalitoka yamejikunja kwenye skrubu kama kinyuzi cha chuma. Slaidi ikaenda kwa fundi bunduki, na fundi wa kweli haogopi kukuandikia bili. Doti haikukubaliwa dhamana kwa sababu kosa si lake. Na yule mshauri wangu? Akaniuliza, "Kwani hukutia gundi ya skrubu?" Ndiyo kwanza nasikia neno gundi kutoka kinywani mwake! Halafu bado anauza mabamba, bado anasema yanakubali zote.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaendelea kuipigia kelele kwenye kila uzi: skrubu kwanza, doti baadaye. Hununui doti mpaka ujue inakaa kwenye nini, kwa skrubu gani, za urefu gani, na zinakazwa kwa nguvu kiasi gani.

Urefu si mapambo. Skrubu fupi inashika meno mawili tu, itayang'oa. Ndefu nayo ina balaa lake: kwenye Glock za MOS tundu la kulia limekaa juu ya njia ya pini inayosukuma ekstrakta (kile kikucha kinachovuta ganda), ncha ikiigusa pini hiyo maganda yanaanza kukwama, na utaapa kwamba bastola imerogwa. Ukishafunga, vuta slaidi taratibu kwa mkono, sukuma ekstrakta kwa kidole uone kama inacheza.

Na kabla ya yote hayo: magazini nje, chemba tupu, angalia kwa macho na upapase kwa kidole, risasi zikae chumba kingine. Najua unajua. Fanya tu.

Kisha ondoa mafuta kwenye skrubu na kwenye matundu kwa spiriti, pande zote mbili, maana gundi haishiki penye grisi na matundu ya kiwandani mara nyingi yana mafuta. Weka doti kavu kwanza bila skrubu, isukume mbele na nyuma. Ikicheza, simama hapo hapo, rudisha bamba, usijiambie litatulia. Gundi iwe ya bluu, tone dogo. Nyekundu usiiguse, kuifungua kunataka moto mkali na vifaa vya umeme vya doti vitakufa kabla skrubu haijalegea. Kaza kwa bisibisi yenye kipimo. Watengenezaji wengi wanataka inchi-pauni 12 hadi 15, yaani kama Nm 1.4 hadi 1.7, lakini fuata karatasi ya doti yako, si yangu. Utashangaa ni nguvu ndogo kiasi gani. Kile kijifunguo kilichopinda cha kwenye boksi mkononi mwa mtu mwenye hasira kinapita hapo bila kujua. Kaza kidogo huku, kidogo kule, kwa zamu. Mwisho chora kamstari ka rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa doti. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka, na wewe umejua kabla shabaha haijakwambia.

Na gundi hiyo inataka saa 24 kukauka vizuri. Unafunga usiku, unapiga asubuhi? Ndiyo maana nimesema weka bisibisi chini.

Haya, maswali yako. MOA 3 au 6: kwa mita 25 doti ya 3 inafunika kama sentimita 2.2, ya 6 kama 4.4. Zote zinatosha, ya 6 unaiona upesi zaidi, chukua unayoipenda. Ikionekana kama nyota yenye miguu, punguza mwanga kwanza. Isipobadilika, tazama vilengeo vya chuma kupitia kioo: vikiwa safi na doti bado ina miguu, basi ni astigmatizimu, kasoro ya umbo la macho yako, usirudishe doti dukani. Vilengeo vya chuma viache, ila vya kawaida vitazibwa na mwili wa doti, unataka virefu. Na kwa nini viwepo? Kwa sababu doti inaweza kung'oka. Nimeshasema kuhusu kung'oka?

Kitu ambacho hukuuliza ni betri. Doti nyingine, RMR ya kwanza ikiwemo, betri yake ya CR2032 inaingilia chini, kwa hiyo kubadilisha betri ni kufungua zile skrubu, kusafisha gundi ya zamani na kukaza upya, kisha kwenda kuhakiki ziro. Chagua yenye mlango wa betri juu au pembeni. Unaona tumerudi wapi? Kwenye skrubu.

Kuhusu macho, tazama shabaha, si doti, itakuja yenyewe ukizoea kuinua bastola bila risasi, ukutani, kila siku kidogo.

Kesho usiende. Kwanza piga picha hilo bamba juu na chini, na hizo skrubu zikiwa zimelala kando ya rula, uziweke hapa. Andika na jina kamili la bastola na la doti. Nitaziangalia leo leo.