Harusi Tanga: zamu za kiwandani, upepo wa Raskazone na kadi zisizolipwa

Wiki hii nimeyaweka kando maswali mengine yote nijibu ya harusi, tena za Tanga peke yake. Yamekuja mengi, na karibu kila mmoja ameanzia palepale: shangazi, ukumbi gani? Mimi ukumbi nauweka wa tatu. Kwanza nijue nani anakuja na kazini anatoka saa ngapi, kisha fedha zilizopo mkononi ni kiasi gani. Mji huu una saruji, mkonge, chokaa na bandari. Ukipanga harusi kama vile wageni wako wote wanakaa maofisini, utajikuta na viti vya kukodi na watu hakuna.

Shikamoo shangazi. Mchumba wangu ni fundi kwenye kiwanda cha saruji, anaingia kwa zamu, na nusu ya wageni wake ni wenzake wa hukohuko. Ukumbi nilioupenda una nafasi Jumamosi moja tu mwezi wa nne. Nilipe kianzio?
Bi harusi mtarajiwa, Nguvumali

Marahaba mwanangu. Usilipe bado. Tanuri la saruji likishawashwa halizimwi jioni watu wakarudi makwao. Linawaka usiku na mchana mpaka lisimamishwe kwa matengenezo. Kwa hiyo Jumamosi kwa wale vijana ni siku ya kazi kama nyingine, wako wa asubuhi, wako wa mchana, wako wa usiku. Mwambie mchumba akuletee ratiba ya zamu ya mwezi mzima, mtazame kikosi chake kinapumzika lini. Kubadilishana zamu kupo, ila watu wawili watatu. Kumi wakiomba siku moja, msimamizi atakataa, na hana kosa.

La pili ni likizo yake mwenyewe, na hapa wengi hujidanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Kuna na siku nne za kulipwa kwa ajili ya mtoto mgonjwa au msiba wa karibu. Kuoa hakumo humo. Anayetaka kuoa anakata kwenye zile 28, na mwajiri ndiye mwenye kauli kwamba zianguke lini. Kwa hiyo barua ya likizo isainiwe kwanza, kianzio kifuate. Nimewahi kukaa kwenye harusi bwana harusi anasinzia stejini, watu wakaanza kunong'onezana mambo yasiyo na kichwa wala miguu, kumbe masikini katoka zamu ya usiku na alikuwa hajalala.

Na huo mwezi wa nne nao uutazame. Masika ni Machi hadi Mei, na Aprili iko katikati ya mvua. Tena miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, Kwaresima nayo inakwenda humohumo, hivyo waliozuiwa wote wanamiminika baada ya hapo: Waislamu Mfungo Mosi, Wakristo baada ya Pasaka. Ndiyo maana umeambiwa imebaki Jumamosi moja. Uliza bei ya Jumapili mchana. Chakula cha mchana, watu wanakwenda nyumbani saa kumi na mbili jioni, wa zamu ya usiku anapata kula pilau yake na kuwahi basi la kazini.

Shangazi, tuna kumbi mbili mezani. Mmoja uko Barabara ya Korogwe karibu na viwanda, mkubwa, bei nusu. Mwingine uko Raskazone, baharini, mdogo na ghali. Kamati imegawanyika katikati.
Katibu wa kamati, Chumbageni

Kamati iache kupiga kura kwa kutazama picha za kwenye simu. Nendeni wawili watatu mkaone kumbi zote mbili, na mwende saa ileile ambayo sherehe itakuwa, siku ileile ya wiki. Ukumbi wa karibu na viwanda ukiuona saa nne asubuhi unapendeza; ukirudi saa moja usiku unakutana na msururu wa malori, vumbi jeupe limelala juu ya vitambaa vya meza kabla hata hajakaa mtu, na honi inakata hotuba ya mzazi. Au hukutani na lolote kati ya hayo, maana kuna kumbi zilizojengwa ndani kidogo, zimefungwa vioo, na ukiwa ndani husikii kitu. Hilo huwezi kulijua ukiwa Chumbageni.

Sina kinyongo na kumbi za viwandani. Zina maegesho, na hazina jirani mwenye mtoto mchanga wa kuja kulalamika saa sita usiku. Kelele siku hizi si jambo la mzaha, NEMC, baraza la mazingira, na polisi wanafuatilia muziki wa juu kwenye makazi, na mwenye ukumbi akizimiwa vyombo fedha yako hairudi. Tatizo lake ni kurudi nyumbani. Saa tano usiku daladala zimekwisha, bajaji zinakuja zikijua mna shida, na mama zetu hawapandi bodaboda na gauni la sare. Kwa hiyo ile nusu bei mliyookoa, toeni humo gari mbili za kurudisha wageni mjini. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kusema ukumbi ni rahisi. Mara nyingi bado utakuwa rahisi, lakini si kwa nusu.

Wa baharini nao wauliziwe upepo. Kusi likianza kuvuma, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, bustani iliyo wazi kuelekea baharini inapeperusha maua, inazima mishumaa, na kipaza sauti kinatoa mvumo tu. Kama mnakwenda miezi hiyo, mapambo yawe mazito na steji iupe upepo mgongo. Desemba hadi Februari shida ni joto. Hapo baharini panashinda.

Kisha jenereta. Msiulize kama lipo, watasema lipo. Mwambieni meneja auzime umeme wa Tanesco mbele yenu, jenereta lichukue mzigo wote kwa pamoja, viyoyozi, taa za steji, vyombo vya muziki na friji. Lenye uwezo litaunguruma na kuendelea. Lisilo na uwezo mtalijua dakika ileile. Na dizeli ni ya nani? Iandikwe kwenye mkataba. Na iandikwe pia kama mnaruhusiwa kuja na mpishi wenu na vinywaji vyenu, maana kuna kumbi zinatoza kwa kila kreti mnayoingiza, na hilo huambiwi mpaka kreti zimefika mlangoni.

Msipoafikiana baada ya hapo, mimi kura yangu naipa wa Barabara ya Korogwe ikiwa wageni wanazidi mia mbili, wa Raskazone ikiwa wako chini. Ukumbi mkubwa wenye watu wachache unaonekana mpweke hata upambwe vipi.

Harusi ni Agosti. Tumeahidiwa milioni tisa, mkononi tuna tatu na nusu. Ukumbi wanataka nusu ya fedha wiki hii. Wanakamati wanasema tuagize tu, ahadi zitakuja.
Mweka hazina mwenye wasiwasi, Makorora

Wasiwasi wako ni wa haki. Ahadi haiagizi viti. Panga harusi ya milioni tatu na nusu, ile ambayo ikibidi inafanyika kesho: akdi au misa, chakula cha familia na majirani, cheti. Kila fedha inayoingia inaongeza kitu kimoja, kwa mpangilio mtakaokubaliana leo na kuuandika. Kwanza chakula kiongezeke, halafu viti, halafu muziki. Video, keki ya ngazi nne na gari la kifahari viwe mkiani.

Tazama pia kadi zako zimekwenda kwa nani. Wa viwandani na bandarini wanalipa mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka. Ukiweka kikao cha mwisho cha makusanyo tarehe 20 unawaaibisha bure, waliokusudia kutoa wataonekana wadaiwa sugu. Kiweke tarehe 2 au 3. Na anayesema "nitatoa kwenye VICOBA tukigawana", muulize wanagawana lini. Wengi hugawana Desemba, na harusi yako ni Agosti.

Ukumbi waambie watakubali kianzio cha robo au mtakwenda kwingine. Ukilipa, risiti, yenye tarehe ya sherehe juu yake, na sentensi moja kuhusu kinachorudishwa mkiahirisha.

Mimi nataka ukumbi, mara moja, imekwisha. Mama anataka singo ya kusugua mwili, hina, ngoma ya kibao kata na turubai barabarani hapa Ngamiani, siku tatu. Nimeshachoka kabla ya kuanza.
Binti wa pekee

Mwanangu, mpe mama siku zake. Binti yuko mmoja, na huyo mama amekwenda kwenye shughuli za watu miaka yote hiyo, amecheza, ametunza, amebeba sinia. Sasa zamu yake ya kutunzwa imefika, unataka kumfungia mlango? Deni lake kwa wanawake wa mtaa halilipwi kwa kadi ya ukumbini.

Kwa upande wa fedha nyumbani si ghali kama unavyodhani. Sufuria kubwa za kukodi, kuni, mpishi wa mtaani, wanawake wanakata vitunguu tangu alfajiri. Turubai likifunga barabara, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema mpate kibali cha maandishi, na mwambieni jirani mwenye gari alitoe usiku wa kuamkia. Siku ya wanawake simu zikusanywe mlangoni. Hili sishauriani na mtu. Mambo ya somo, yaani kungwi, na mwali si ya kurushwa mitandaoni, na kuna ndoa zimeanza na ugomvi kwa kipande cha video cha nusu dakika.

Siku tatu zikikushinda, omba mbili. Singo na hina zikae pamoja. Kibao kata usiguse.

Mimi Mkristo, yeye Muislamu, hakuna anayebadili. Tunataka kufunga ndoa bomani halafu sherehe. Ukumbi tumelipia wiki mbili zijazo.
Wapenzi wawili, Usagara

Mmeanza mwisho. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana ifike kwa msajili si chini ya siku 21 kabla. Wiki mbili ni siku 14. Taarifa inabandikwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndiyo maana ya muda huo. Nendeni ofisi ya mkuu wa wilaya kesho asubuhi mkajaze, na mchana mwende ukumbini kuomba tarehe isogezwe. Humo kwenye fomu mtaulizwa ndoa ni ya mke mmoja au inayoweza kuwa ya wake wengi, basi mlizungumze njiani, msije mkatazamana mbele ya msajili. Mashahidi wawili, na cheti mkikipata mkitunze.

Wazee wakisema mahari haijakamilika kwa hiyo ndoa si ndoa, sheria hiyohiyo inasema kukosekana kwa mahari hakuibatilishi. Lakini msiwajibu wazee kwa vifungu. Tumeni mshenga.

Nusu ya ukoo uko Mombasa, wengine Dar. Tuwalaze wapi?
Kaka wa bwana harusi, Sahare

Wa Mombasa wanapitia Horohoro, wakumbushe paspoti au hati ya muda ya kusafiria, kila mmoja na yake, watoto pia. Kila harusi kuna shangazi anaachwa mpakani. Wa Dar wana kilomita kama 350, wakiondoka alfajiri wanafika na nguvu. Kuhusu malazi, wazee na wenye watoto walale kwa ndugu, vijana gesti. Hoteli zishikwe mapema, maana mji una wageni wa kazi: bandari, viwanda, na mradi wa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima kuja Chongoleani. Lipieni usiku mmoja mbele. "Nimekuwekea" bila malipo haina maana.

Babu yangu alikuja Tanga akiwa manamba, kibarua wa mashamba, akakata mkonge maisha yake yote. Nataka picha za harusi shambani, mke wangu anasema nimerukwa na akili.
Bwana harusi, Pongwe

Hujarukwa. Mistari ya mkonge jioni, jua likiwa chini, inashinda ile mandhari ya plastiki ya studio, na huyo babu kama yuko hai mwekeni katikati. Ila shamba lina mwenyewe, ombeni ruhusa kwa meneja wa shamba, kwa maandishi, na mwulize upande gani hawakati siku hiyo ili matrekta yasiwapite. Bandarini msijaribu na kamera, mtaishia kwa walinzi.

Mkeo naye ana hoja yake. Jani la mkonge lina mwiba mgumu nchani, na gauni la kukodi likichanika mnalilipa. Apigwe picha akiwa barabarani kati ya mistari, shela limekunjwa mkononi, na viatu vya kisigino vibaki garini.