Mtoto wa miaka 3 anayeunganisha maneno mawili tu
Dada, umeuliza ufanye nini nyumbani na mwanao wa miaka 3 ambaye bado anaishia kwenye "mama maji". Kwanza usimkaripie wala kumlazimisha arudie "vizuri". Akisema "mama maji", irefushe wewe: "Unataka maji ya kunywa? Haya, mama anakumiminia maji kwenye kikombe." Anasikia sentensi nzima ya kitu anachokitaka, wakati ule ule anaokitaka, na hapo ndipo maneno hushika. Kisha nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Wazazi wengi tunawahi mno kuwajibia!

Mkae naye mkichambua mchicha au mchele, mtajie kila mnachofanya. Jioni zima runinga, mtegee kitendawili chepesi: "Nyumba yangu haina mlango." Akishindwa, mwonyeshe yai lenyewe. Na lugha ya bibi yake msiiache, kwani lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema.

Ila umri huu wengi huunganisha maneno matatu au zaidi, kwa hiyo mpeleke apimwe masikio mapema, hata kama unaona anasikia. Tafadhali usikubali kuambiwa "atasema tu".