Usivimwage vidonge chooni, dada

Dada, umesema mimba ina miezi minne, Valium, yaani diazepamu, unameza tangu mwaka jana kwa wasiwasi, na jirani kakutisha kuwa ubongo wa mtoto utaharibika, sasa unataka kuvimwaga vyote usiku huu. Usivimwage. Mimi niliwahi kuacha ghafla siku tatu: mikono inatetemeka hata kikombe cha kahawa hakishikiki, usingizi hamna. Daktari akaja kunambia ningeweza kuanguka kifafa. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, daktari akisimamia.

Mimi ni wa Lamu, Langoni. Nilianza baada ya mume wangu kukawia baharini siku mbili wakati wa kusi. Yeye alirudi salama, moyo wangu ndio haukurudi. Mama alinifanyia kombe, aya za Kurani zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Vidonge nikanunua dukani bila cheti. Mimba ikaingia, nikaendelea, na kliniki sikusema. Aibu tu.

Mwanangu akazaliwa na kilo zake tatu, ila legevu. Ukimwinua mkono unaanguka kama kitambaa kibichi. Chuchu anaishika, ananyonya mara mbili, analala. Mkunga aliniuliza mara tatu kama kuna dawa nilitumia, mara tatu nikakana, huku mtoto anachomwa sindano watafute maradhi ya damu. Usiku wa pili ndipo nikasema. Hakunigombeza. Alinieleza kuwa diazepamu huvuka kondo la nyuma, na ini la kichanga haliiondoi upesi. Tukamlisha maziwa yangu kwa kikombe, hata siku ya sita akanyonya kwa nguvu nikaumia, nikacheka.

Kuhusu ubongo, hofu ya jirani yako haikutoka hewani. Diazepamu hupitia kemikali iitwayo GABA, ambayo kwetu sisi hutuliza, lakini tumboni husaidia seli za ubongo kujipanga. Ila utafiti wa Taiwan wa 2022, uliofuata watoto zaidi ya milioni moja, ulipolinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyepitiwa na dawa za aina hii na mwenzake ambaye hakupitiwa, hatari ya usonji au ya kutotulia haikuonekana kuzidi. Na wasiwasi usiotibiwa nao huhusishwa na kuzaa kabla ya siku. Majirani hawalisemi hilo.

Mimba ya pili nilisema siku ya kwanza. Nikapunguziwa Valium polepole, nikaanzishiwa setralini, dawa nyingine ya wasiwasi. Huyu wa pili kidevu kilimtetemeka siku mbili, basi. Kaka yake yuko darasa la tatu na kwa kuongea mdomo haufungi, ingawa mtoto mmoja si ushahidi.

Kesho beba pakiti yenyewe uende nayo kliniki, waisome miligramu. Mpaka hapo, kidonge cha leo meza kama kawaida. Na siku ya kuzaa mwambie mkunga kabla hajakuuliza.